Mchoraji Asiyechora

Imekuwa desturi siku hizi kumsikia kijana aliyekwisha kuuza picha mbili tatu za rangi akisema kwamba kuchora kwa penseli ni kazi ya wanafunzi, na kwamba yeye ameivuka ngazi hiyo. Daftari lake la michoro limelala vumbini. Akitaka kumpaka rangi mwanamke auzaye samaki, hutoa simu mfukoni akampiga picha, kisha akaigawa picha ile kwa miraba na kuihamisha mraba mmoja mmoja mpaka juu ya turubai. Wengine huimulika ukutani kwa mashine na kuufuata ukingo wake kwa kalamu. Kazi huisha upesi, na mnunuzi huisifu kwa kuwa imefanana. Nasema kijana huyo anajiibia mwenyewe, na sisi walimu tunaomwachia tunashiriki katika wizi huo.

Lugha yetu ilimkanya kabla yangu. Kiswahili hakikumwita mtu wa kazi hii mpaka rangi. Hilo ni jina la yule apakaye kuta na madirisha, nayo ni kazi ya halali yenye ujuzi wake. Kilimwita mchoraji. Wala kuchora si jambo la karatasi peke yake. Fundi wa Lamu atiaye nakshi mlango huanza kwa kuchora maua na minyororo juu ya ubao, kwa kuwa anajua ya kwamba mstari ukipotoka patasi italifuata kosa, na ubao uliokatwa haurudi.

Wako wasemao kwamba katika maumbile hamna mstari hata mmoja, bali rangi na kivuli tu. Basi kwa nini mchoraji wa rangi aendelee kujisumbua na mistari? Ni kweli kwamba mstari hauko. Lakini mstari ni hukumu. Mwenye kuuchora ameamua ya kwamba hapa bega laisha na hewa yaanza, hapa uzito wa mwili umelemea mguu wa kushoto, hapa kikapu chaivuta shingo. Kabla ya kuamua hapana budi atazame, na kutazama ndiko anakokukimbia yule mwenye simu.

Simu yenyewe haihukumu. Isogezwapo karibu mno na uso, pua hukua na masikio hurudi nyuma. Mtu akisimama kivulini, ngozi yake nyeusi hugeuka katika picha kuwa doa moja la lami, hali jicho lililotulia mbele ya mtu yule yule kwa nusu saa huona humo zambarau, na wekundu wa udongo, na buluu ya mbingu juu ya kipaji cha uso. Kijana wetu hunakili makosa ya chombo akidhani ndiyo sura ya mtu. Nenda katika maonyesho ya picha utazame zile pua! Hayo ni madhara ya rangi vilevile: asiyejizoeza kutazama kwa mkaa hana wa kumwonyesha zambarau ile.

Huenda nikajibiwa kwamba kuchora kitu kilicho mbele yako ni kuiga, na kwamba Elimo Njau, mmoja wa waanzilishi wa Paa ya Paa mjini Nairobi mwaka 1965, aliwaonya wasanii wasiige. Onyo hilo nalikubali lote. Lakini ni nani aigaye hapa? Mwaka 1959 Njau alichora katika kanisa la Murang'a maisha ya Yesu miongoni mwa watu na vilima vya nchi hii. Hakukuwa na picha ya kigeni ambayo angeinakili ikampa vilima vile. Mwenye kuketi mbele ya kilima na kukichora hukivumbua upya. Mwenye kufuata ukingo wa picha iliyomulikwa ukutani hakivumbui kitu.

Tena sizungumzi juu ya kujifunza kuchora, jambo ambalo wengi hulikubali, bali juu ya kuendelea. Vincent van Gogh hutajwa daima kwa ajili ya rangi zake. Alianza sanaa mwaka 1880 akiwa na miaka 27, na miaka yake ya kwanza aliitumia zaidi kwa kuchora, akinakili karatasi za mazoezi za Charles Bargue. Mwaka 1890, maua yake ya alizeti yakiwa yamekwisha kupakwa, alimwandikia ndugu yake ampelekee karatasi zile zile ili azirudie. Ulikuwa mwaka wa kufa kwake, na aliacha michoro zaidi ya 1,000. Naye Hokusai wa Japani, amekwisha kupita miaka 80, alikuwa na desturi katika miaka ya 1842 na 1843 ya kuamka na kuchora simba kama kinga ya siku. Kama wazee hao hawakuivuka ngazi hiyo, kijana wetu ameivukia wapi?

Sisemi kwamba rangi ni mtumwa wa mstari. Inasimuliwa kwamba Michelangelo, alipoiona kazi ya Titian mjini Roma, aliisifu rangi yake akasikitika kwamba watu wa Venice hawafundishwi kuchora vema tangu mwanzo. Ikiwa Titian alipungukiwa, wengi wetu tungefurahi kupungukiwa namna ile.

Kuhusu gharama, udhuru huo hausimami. Rangi za mafuta ni ghali kweli. Lakini vijiti vyembamba vya mti mlaini, vikitiwa ndani ya mkebe uliofunikwa na kutobolewa tundu dogo, kisha mkebe ukawekwa motoni mpaka moshi ukome, hutoa mkaa mzuri wa kuchorea. Karatasi iliyoandikwa upande mmoja yatosha. Watu wangojao matatu kituoni hawadai ujira, na mara nyingi husimama kitambo cha kutosha. Nataka basi kila chuo kifundishacho sanaa kilidai daftari la michoro kwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho kwa ukali ule ule wa mwaka wa kwanza, na asiyekuwa nalo asiruhusiwe kutundika picha yake ukutani.