Wakili Akinyamaza, Kishoka Hutangaza

Mawakili wetu wana methali wanayoipenda kuliko vifungu vyote vya sheria: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Waulize kwa nini hawabandiki hata karatasi moja ya kueleza wanafanya kazi gani na kwa bei gani. Watakujibu kwa upole kwamba taaluma yao si duka, na wakili mzuri hutangazwa na kazi yake. Nasi raia tumelimeza hilo bila kutafuna. Wakili anayejitangaza, tunanong'onezana, huyo ana njaa.

Twendeni Nyarugusu tuione methali hiyo ikifanya kazi.

Kambi hii ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1996 wilayani Kasulu, Tanzania, kuwapokea Wakongo waliokimbia vita ya Kivu; mwaka 2015 wakaja Warundi kwa maelfu. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi akae kwenye eneo alilopangiwa, na akitaka kutoka awe na kibali. Wakili naye haingii kambini kama anavyoingia sokoni. Sasa hiyo sifa ya kazi nzuri itatembea kwa miguu ya nani? Sifa ya mdomo huwafaa watu wa mjini, wenye shemeji aliyewahi kushinda kesi ya kiwanja na namba ya wakili wake bado anayo kwenye simu. Mama aliyevuka mpaka na watoto na kikaratasi cha usajili, shemeji wa namna hiyo atamtoa wapi?

Aliye karibu naye ni kishoka, wakili wa kujipachika. Huyu haoni haya kujitangaza. Anakuja jioni, anapewa kiti, anaulizia hali ya watoto, ndipo anatoa simu na kuonyesha barua yenye nembo ya shirika kubwa. Kesi yako, mama, imekwama kwa sababu maelezo yako ya kwanza hayakuandikwa vizuri. Lakini kuna mtu ndani. Istilahi zote anazijua: usaili, rufaa, nchi ya tatu. Kwanza inatakiwa hela ya kufungua faili, baadaye ya picha, baadaye ya huyo mtu wa ndani, ambaye kila wiki anahitaji soda.

UNHCR imeshasema mara nyingi kwamba huduma zake zote ni bure, na kwamba anayedai malipo ni tapeli. Ni kweli, na ni tangazo jema. Linashindwa hata hivyo, kwa sababu halimwambii yule mama nani atakayekaa naye kumsomea barua ya kukataliwa, wala siku za kuomba marejeo zinaishia lini. Kishoka anakaa naye. Mambo anayomsomea ni ya uongo, lakini anakaa. Na Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, msidhani biashara yake ilikufa. Njia kuu ikifungwa, anayedai kujua uchochoro ndipo anapopandisha bei.

Wenyeji nao hawajanusurika. Nenda kwenye mahakama yoyote ya wilaya uangalie steshenari zilizo jirani: picha za pasipoti, fotokopi, mikataba, hati za kiapo, yote yameandikwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango. Wanaoandaa nyaraka hizo si lazima wawe wameusomea uwakili. Ofisi ya wakili halali iko ghorofani nyuma ya duka la mbolea, na kibao chake kina jina tu na cheo.

Najua hofu ya wazee wa taaluma. Marekani ilifungua mlango wa matangazo mwaka 1977, Mahakama yake ya Juu ilipoamua kesi ya Bates, na leo barabara zao zina mabango ya mawakili wanaowawinda majeruhi wa ajali. Hayo mimi siyatamani. Lakini jirani yetu Kenya hakwenda huko. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ilitamka kwamba katazo la jumla dhidi ya matangazo ya mawakili linakwenda kinyume cha katiba, na mwaka 2014 zikatoka kanuni za kuruhusu tangazo lenye mipaka. Sijasikia kwamba mahakama za Nairobi zimegeuka gulio.

Na kwetu? Kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia imezunguka mikoani tangu mwaka 2023 na mahema, fulana na vipaza sauti. Hakuna aliyesema sheria imevuliwa nguo. Kumbe kutangaza huduma ya sheria kunawezekana na heshima ikabaki, ila wakili wa Kasulu akifanya hivyo, ndipo inakuwa utovu wa maadili.

Maadili ya tangazo yako kwenye maneno yake. Asiahidi ushindi. Asitaje mteja. Asimfuate mtu msibani wala kwenye foleni ya mgao. Aandike jina lake kama lilivyo kwenye orodha ya mawakili ya Mahakama, ili yeyote aweze kuhakiki. Aandike bei ya kikao cha kwanza, na kama ni msaada wa bure chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, aseme hivyo kwa herufi kubwa kuliko nembo za wafadhili. (Mashirika yetu nayo yana mabango ambayo ukiondoa nembo, kinachobaki ni mwavuli na tabasamu.) Liandikwe kwa Kiswahili, Kirundi na Kibembe, na lisomwe redioni kwa wasiojua kusoma. Na uwepo mstari huu: hatuna uwezo wa kukupeleka Marekani, wala Kanada, wala Australia, na hakuna wakili mwenye uwezo huo.

Mstari huo ungemnyima kishoka usingizi kuliko onyo lolote la polisi. Ila kwa utaratibu tulionao, wakili akiubandika kesho kwenye mti wa Makere, jirani na kambi, pamoja na jina na bei yake, anayeweza kuitwa kujieleza mbele ya Kamati ya Mawakili ni yeye. Kishoka hana kamati.