Bango la wakili liseme kweli. Wa kuogopwa ni dalali

Mfanyabiashara wa Daraja Mbili anayenunua mahindi huyatia kiganjani, akatafuna punje mbili, akajua kama yamekauka. Anayenunua belo la mitumba huuliza gredi kabla ya kutoa fedha. Huduma ya wakili haipimwi hivyo. Mteja hulipa kwanza, na ubora wa mkataba aliouziwa huonekana siku mwenye nyumba anapodai fremu yake, au mdeni anapokana deni mbele ya hakimu. Kwa hiyo namna mawakili wanavyojitangaza ni suala la mtaji, na wenye mitaji midogo hawana budi kulifuatilia.

Taaluma ya uwakili nchini ilirithi mila ya Kiingereza kwamba wakili hapigi debe. Kibao mlangoni kilitosha, na sifa zilienezwa na wateja. Watetezi wa mila hiyo husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali ni ya kweli, lakini kizuri hujiuza kwa anayekijua. Mwenye duka aliyehamia Arusha mwaka jana hamjui wakili yeyote, na wakili kijana aliyetoka Shule ya Sheria hajulikani na yeyote. Ukimya huwafaa wenye majina makubwa mjini.

Kwingine kamba imelegezwa. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwapa haki mawakili wawili wa Arizona, John Bates na Van O'Steen, waliotangaza bei zao gazetini, ikiwamo talaka isiyo na ubishi kwa dola 175 pamoja na ada ya mahakama. Uingereza, chimbuko la katazo lenyewe, ilianza kulegeza mwaka 1984. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2012 kuwa katazo la jumla linakiuka Katiba, na mwaka 2014 zikatoka kanuni zinazoruhusu matangazo kwa masharti.

Hofu ya wanaopinga si ya bure. Tangazo linaloahidi "ushindi wa uhakika" ni uongo, kwa sababu hukumu haimo mfukoni mwa wakili. Anayedokeza kuwa anafahamiana na hakimu anafanya kosa kubwa zaidi: anauza kitu ambacho hakipaswi kuwa sokoni. Maneno ya namna hiyo yastahili adhabu.

Hata hivyo, kuzuia matangazo hakujawahi kuzuia kuwinda wateja. Arusha yenyewe ina ushahidi. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyomaliza kazi zake mwishoni mwa 2015, iliwalipia mawakili washtakiwa wasio na uwezo, fedha zikitoka Umoja wa Mataifa. Hapo hapakuhitajika bango. Lakini mwaka 2001 wakaguzi wa ndani wa Umoja huo waliripoti kuwa baadhi ya washtakiwa waliwadai mawakili wao wagawane malipo, na baadhi ya mawakili walikubali. Mteja aligeuka bidhaa, na mlipaji hakuoneshwa bei.

Mtaani sura ya biashara hiyo ni dalali. Hukaa karibu na mahakama au kwenye steshenari, akamwambia mwenye shida, "Njoo nikupeleke kwa mwanasheria wangu." Cha juu cha dalali hakiandikwi kwenye risiti, lakini hulipwa na mteja. Mara nyingine anayepelekewa ni kishoka. Neno "mwanasheria" pekee halimfanyi mtu kuwa wakili. Mwenye shahada ya sheria si wakili mpaka aapishwe, aingizwe kwenye orodha ya mawakili na awe na leseni hai, inayohuishwa kila mwaka.

Hasara hapa si ya kubuni. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inamzuia asiye na sifa kuandaa kwa malipo hati kama za ardhi, na inamtaka mwandaaji aandike jina na anwani yake juu ya hati. Hati isiyo na jina hilo msajili hapaswi kuipokea. Katika Rufaa ya Madai Namba 140 ya 2006, baina ya Edson Mbogoro na Dk. Emmanuel Nchimbi, Mahakama ya Rufani ilieleza kuwa nyaraka za wakili asiye na leseni hai hazina nguvu kisheria. Mteja aliyelipa kwa nia njema hubaki na karatasi.

Dawa ni tangazo la kweli, lililo wazi na lenye mipaka. Liseme jina kama lilivyo kwenye orodha, mahali pa ofisi, aina ya kazi, jinsi ada inavyokokotolewa na gharama zisizomo. Lisiahidi ushindi, lisijilinganishe na wenzake, lisitaje wateja bila idhini yao. Chama cha Mawakili Tanganyika kingefanya vema kuhimiza tangazo la aina hiyo, na Kamati ya Mawakili, yenye uwezo wa kumsimamisha au kumfuta wakili, iweke ukali wake kwa wanaolipa madalali.

Mfanyabiashara naye ana kazi yake. Kabla ya kutoa hata shilingi, atafute jina la wakili katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania, adai makubaliano ya ada kwa maandishi, na adai risiti. Kisha amuulize wakili swali moja: aliyenileta hapa analipwa na nani? Jibu likisitasita, mlango uko wazi.