Kwa Sababu Yako!

Mwezi huu tunaingia darasani kidogo, lakini usikimbie, maana somo lenyewe ni la mapenzi.

Wengi mnaojifunza Kihispania, iwe ni kwa ajili ya kazi au ya mtu fulani aliyeko Madrid, mnapitia vitabu vya Kiingereza. Sio mbaya. Shughuli inaanza pale unapotaka kumweleza mwenzi wako sababu ya jambo.

Kiingereza kina “because” na “because of”. Ukivihamisha kama vilivyo utasema “porque de ti”, na Mhispania atabaki anakukodolea macho. Sheria ni nyepesi. “Porque” linafuatwa na maneno yenye kitenzi: “Estoy feliz porque viniste”, yaani nina furaha kwa sababu umekuja. Kama kinachofuata ni mtu au kitu tu, weka “por”: “Lo hice por ti”, nilifanya kwa ajili yako.

Na ukitaka kuanza na sababu, tumia “como”: “Como no llamaste, cené sola”. Kwa kuwa hukupiga simu, nimekula peke yangu. (Mwanaume atasema “solo”.) Ukianza na kosa kisha matokeo, kiungo ni “por eso”, ndiyo maana, au “así que”, kwa hiyo.

Utamu wenyewe uko hapa. Kwa Kiswahili, “kwa sababu yako” inaweza kuwa sifa au lawama. Ni sauti tu na jicho vinavyotofautisha. “Because of you” ya Kiingereza nayo ni hivyo hivyo. Kihispania kinakupa maneno ya kuchagua upande mapema. “Gracias a ti conseguí el trabajo”: nimepata kazi, shukrani kwako. “Por tu culpa perdimos el vuelo”: tumeachwa na ndege, kosa ni lako! Ukishataja “culpa”, umeshamhukumu mtu, hata kama ulitaka kueleza tu kilichotokea. Kama hakuna wa kulaumiwa, sema “Llegamos tarde por la lluvia”. Tumechelewa kwa sababu ya mvua, basi, yameisha.

Jamani, ni ugomvi mangapi wa ndani ungekwisha kama tungejua tunasema ipi kati ya hizo tatu? Mwenzako amechelewa, foleni ilikuwa mbaya, wewe unampa “culpa” kabla hajavua viatu. Halafu siku aliyokusaidia hadi ukapandishwa cheo, “gracias a ti” haikumbukwi.

Kwa hiyo kazi ya nyumbani ni hii. Kabla hujafungua mdomo, jiulize: hii ni shukrani, ni lawama, au ni mvua tu? Na hesabu ni lini mara ya mwisho ulisema ile ya kwanza.

Tukutane mwezi ujao!