Usikubali fayawoli izimwe (sehemu ya 4)

Mama wenzangu, juzi natoka zamu ya usiku nakuta mwanangu kazima fayawoli ya kompyuta ili gemu lake likubali. Na humo ndiyo kuna picha zake zote tangu anazaliwa!

Fayawoli ni mlinzi wa getini: anayegonga bila kuitwa haingii. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kiliruka kompyuta hadi kompyuta bila mtu kubofya kitu, hospitali za Uingereza zikaahirisha hadi upasuaji. Kwenye Windows mlinzi huyo yumo tayari, bure. Andika "firewall" pale pa kutafutia, uone kama imewashwa.

Gemu linalodai uizime, mimi nasema lifutwe, mtoto alie tu. Ila ukifungua mwenyewe faili la ajabu la kwenye imeili, mlinzi hakusaidii. Picha nazihamishia kwenye flashi leo leo. Nyie je?