Sahani ya Jirani Hairudi Tupu



Kila mwaka, siku chache kabla ya Shaabani kwisha, nyumbani kwetu hufanyika hesabu ya vyombo. Mama watoto hulifungua kabati, akavipanga vyombo juu ya mkeka, nami nikaitwa niwe shahidi. Mwaka huu shahidi alistaajabu. Sahani na mabakuli yalifika 31, na vilivyokuwa vyetu kwa yakini ni 19. Vile 12 vilivyobaki vilikuwa wageni, na baadhi yao wamekaa kwetu hata wamesahau kwao.

Palikuwa na hotipoti isiyo na mfuniko, na mfuniko usio na hotipoti, wala havikutoka nyumba moja. Sahani tatu zilitiwa alama ya rangi ya kucha upande wa chini, kama wafanyavyo kina mama ili vyombo vyao visipotee shughulini. Alama ile haikuzuia kitu. Ilitusaidia tu kumjua tuliyempotezea.

Msomaji asituone wezi. Vyombo hivyo vyote viliingia kwa mlango wa heri. Mtume (s.a.w.) alimuusia Abu Dharr kwamba apikapo mchuzi azidishe maji yake na awakumbuke jirani zake, nasi watu wa pwani tumeuitikia wasia huo kwa tui la nazi. Magharibi ya Ramadhani inapokaribia, watoto hupishana vichochoroni na sahani zilizofunikwa kawa: huku muhogo, huku tambi, huku kaimati.

Taabu huanza chakula kinapokwisha. Kwetu ni aibu kuirudisha sahani tupu. Basi huoshwa, hufutwa, ikawekwa kabatini ingojee kitu cha kuijaza. Leo tumepika maharage, nayo si jibu la biriani. Kesho vibibi vinaungua. Keshokutwa pilau imetoka vizuri, lakini wageni wanatokea na kuimaliza. Siku zinapita, na sahani inayongoja inaanza kupewa kazi: kwanza inatiwa ndimu, kisha mtoto analia wali, hatimaye inabeba futari kwenda nyumba ya tatu. Ikishafika huko, haina tena wa kuirudisha kwao.

Ndivyo desturi nzuri ilivyozaa tabia mbaya. Twaona haya kumrudishia mtu sahani yake bila chakula, ila hatuoni haya kukaa nayo miaka miwili.

Nilipokuwa nikivitazama vyombo vile nilikumbuka Surat al-Maa'un, sura ya aya saba tunayoikimbilia katika Sala tukiwa na haraka. Inawaonya wenye kusali kwa kughafilika na kwa kujionyesha, kisha inahitimisha kwa wanaozuia maa'un, neno ambalo baadhi ya wafasiri wa mwanzo walilieleza kuwa ni vyombo vya nyumbani wanavyoazimana watu, kama chungu, ndoo na shoka. Wao walimnyima chombo mwenye kuazima. Sisi tumekwenda mbali zaidi: tumemnyima mwenye chombo.

Miongoni mwa wageni wale palikuwa na bakuli jeupe lenye maua mekundu ukingoni. Tulilitambua mara moja. Lilikuwa la bibi mmoja wa mtaa wetu aliyetuletea uji wa pilipili manga mtoto wetu wa pili alipozaliwa. Mtoto huyo sasa yuko darasa la sita, na bibi alirejea kwa Mola wake miaka minne iliyopita. Tulikwenda mazikoni, tukawapa pole wafiwa, tukala wali wa hitima katika vyombo vyao, na bakuli lao likiwa kabatini kwetu.

Safari hii sikungoja pilau. Nililichukua bakuli tupu nikaenda nalo kwa binti yake, kwani mali ya marehemu ni haki ya warithi wake. Alipoliona alikaa kimya kitambo, kisha akamwita mwanawe, kijana mrefu aliyeanza kuota ndevu. Kijana akaligeuzageuza bakuli, akacheka.

“Babu,” akaniambia, “hili nililichapiwa mimi. Bibi alilitafuta siku tatu, akasema nimelivunja na kuvitupa vigae. Niliapa sana. Hakuna aliyenisadiki.”

Nilimwomba radhi kijana yule. Alinisamehe upesi, Allah amlipe. Lakini bibi yake aliondoka duniani akimdhania mjukuu wake uongo, na sina mlango wa kubisha ili nimweleze.

Niliporudi nyumbani tulivigawa vile 11 vilivyobaki kwa nyumba zake, na watoto wakavisambaza kabla ya Isha, vyote vitupu. Jirani mmoja tu ndiye aliyechungulia ndani ya sahani yake kuona kama imeletwa na chochote. Wengine walifurahi kama waliotembelewa na ndugu kutoka safari ya mbali.

Kwa hiyo, msomaji, kabla mwezi haujaandama, lifungue kabati lako. Sahani tupu mikononi mwa mwenyewe ni bora kuliko iliyojaa nia njema kabatini kwako. Na iwapo utakutana na sinia letu kubwa lenye pete ya rangi ya kijani chini yake, tafadhali lirudishe. Hata tupu. Hatutachungulia.