Leseni Si Fadhila



Kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani kilipofutwa Desemba 1991, utawala wa chama kimoja uliondoka katika sheria. Haukuondoka katika kaunta za ofisi. Pale mwananchi aliendelea kuomba kwa unyenyekevu kile ambacho sheria ilikuwa imekwisha kumpa. Vyama vimekuja na kupita, lakini kaunta haipigiwi kura.

Tumtazame mwashi wa Mombasa, wa Likoni au Changamwe, anayetaka kuwa mkandarasi. Sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi ya 2011 inakataza biashara ya ukandarasi bila usajili. Kampuni yake sharti iandikishwe, na walau mkurugenzi mmoja awe na elimu ya ufundi, ujuzi au uzoefu. Kodi iwe imelipwa, na leseni ihuishwe kila mwaka. Madaraja ni manane: la kwanza halina ukomo, la nane, kwa kanuni za 2014, lina ukomo wa shilingi milioni 10 kwa jengo. Kisha kuna kibali cha biashara cha kaunti.

Hatupingi masharti hayo. Aprili 2016, jengo la ghorofa sita lilianguka Huruma, Nairobi, likaua zaidi ya watu 40. Lilikuwa limekwisha kutiwa alama ya kubomolewa, na bado watu walikuwa wakilala ndani yake. Asiyejua kupima zege asipewe uhai wa watu mkononi. Kwa hiyo tunataka masharti yawe makali. Lakini makali hayo yaelekezwe kwa kazi, yasielekezwe kwa mfuko wa mwombaji.

Tunachopinga ni biashara iliyoota kando ya sheria. Mwombaji aliyetimiza kila sharti huambiwa arudi kesho, na kesho huzaa kesho nyingine, mpaka atokee dalali wa kumnong'oneza kwamba faili inahitaji kusukumwa. Anayekataa kutoa mlungula hubaki kibarua katika mji alioujenga kwa mikono yake. Mwenye jamaa mkubwa, hata kama hajawahi kushika mwiko, hupata leseni na kuikodisha. Jina lake huandikwa kwenye ubao wa mradi. Anayejenga ni mwingine, kwa ujira mdogo na saruji iliyopunguzwa. Siku ukuta ukianguka, nani atajibu? Mwenye jina atasema hakuwapo. Aliyekuwapo hana jina.

Je, hii ndiyo Katiba tuliyoipitisha 2010? Ibara ya 47 inampa kila mtu haki ya kutendewa na ofisi za serikali kwa haraka, kwa haki na kwa kufuata sheria, na kupewa sababu kwa maandishi haki yake inapoathiriwa. Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali. Ibara ya 227 inataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wa wazi na wa ushindani. Basi anayemnyima leseni mtu aliyetimiza masharti, au anayemkalisha bila jibu, amemdhulumu haki yake, hakumnyima hisani.

Twadai mambo manne. Masharti na ada vibandikwe kwa Kiswahili mlangoni pa kila ofisi inayohusika. Kila ombi lipewe siku ya kujibiwa, na kila katazo lipewe sababu kwa maandishi. Uzoefu wa fundi upimwe kwa kazi aliyoifanya, hapo hapo kwenye jengo. Na anayekodisha leseni anyang'anywe, awe nani.

Kwenu makanisa tuna neno la pekee. Ninyi pia hujenga: madarasa, zahanati, nyumba za ibada. Kabla ya kutia sahihi, ulizeni ni nani hasa atakayesimama kwenye jukwaa la ujenzi, na kama jina lake ndilo lililo kwenye leseni. Nabii Amosi alionyeshwa timazi katikati ya watu, na timazi haijui jamaa wala chama. Mkikaa kimya kwa kuwa bei ni nafuu, mmeshiriki dhuluma.

Na wewe mwombaji, usiende peke yako. Nenda na mashahidi, weka nakala ya kila karatasi, na udai jibu lililoandikwa. Haki iombwayo gizani huuzwa. Idaiwayo hadharani na wengi ni vigumu kuipigia bei.