Saa mbili za kunyonyesha si hisani

Mwanamke aliyeajiriwa Tanzania Bara anapojifungua, sheria inampa siku 84 za likizo yenye malipo, na siku 100 akijaliwa pacha. Akirudi kazini, sheria hiyohiyo, yaani ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri amruhusu kumnyonyesha mtoto wake ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Siku 84 zinajulikana. Afisa utumishi anazihesabu kwenye kalenda, mama mwenyewe anazihesabu kwa vidole. Saa mbili hazijulikani, na pale zinapojulikana mama huziomba kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba ruhusa ya kwenda msibani. Tunasema bila kuzunguka: saa hizo ni haki yake, na mwajiri anayemnyima anavunja sheria.

Tufanye hesabu. Siku 84 ni wiki 12. Mama anaruhusiwa kuanza likizo wiki nne kabla ya tarehe anayotarajiwa kujifungua, na mwenye miguu iliyovimba au presha inayopanda hana namna ila kuianza mapema. Zinabaki wiki nane. Mtoto akichelewa wiki moja tumboni, zinabaki saba. Kwa hiyo yupo mama anayerudi ofisini na kumwacha nyumbani mtoto ambaye hajafikisha miezi miwili na shingo yake bado haijakaza. Wakati huohuo Shirika la Afya Duniani linasema, na nesi wa kliniki anarudia kila mwezi, kwamba mtoto huyo apewe maziwa ya mama peke yake, bila maji wala uji, mpaka atimize miezi sita. Kutoka miezi miwili hadi sita kuna miezi minne. Mabishano yote ya nyumbani na kazini yako katika miezi hiyo minne.

Mtu ambaye hajawahi kunyonyesha huenda asielewe uzito wa miezi hiyo, kwa hiyo tueleze. Mama anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri baada ya kuamshwa usiku mara tatu au nne. Ikifika saa nne asubuhi matiti yamejaa, yamekuwa magumu, yanauma, na akisikia mtoto wa mteja analia maziwa yanatoka yenyewe na kulowesha blauzi. Anakwenda chooni. Anajifungia, anakamua, na chakula cha mtoto wake kinamwagikia kwenye sinki. Anarudi mezani, anaendelea na kazi, hasemi neno. Jambo hili linatokea katika benki, shule, viwanda na ofisi za umma, na wenzake wanaume wa chumba kimoja wanaweza kukaa mwaka mzima bila kujua.

Maziwa hutengenezwa kwa kadiri yanavyotolewa. Yasipotolewa kwa saa nane au tisa, siku baada ya siku, mwili unapokea ujumbe kwamba hayahitajiki, unapunguza. Mengine huganda na kuziba, titi linavimba, homa inapanda. Baada ya wiki chache mama anaona maziwa hayatoshi. Jirani anamwambia maziwa yake ni mepesi, shangazi anasema mtoto hashibi, na uji unaingia mtoto akiwa na miezi mitatu. Wenye uwezo wananunua maziwa ya kopo. Wasio na uwezo wananunua kopo lilelile na kuyazidishia maji maziwa yake ili lifike mwisho wa mwezi. Kinachofuata ni kuhara, na mama yuleyule aliyenyimwa saa mbili anaomba siku tatu za kumuuguza mtoto hospitalini.

Hatusemi kwamba nchi haijapiga hatua. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta takriban watoto 64 katika kila 100 walio chini ya miezi sita wananyonya maziwa ya mama pekee. Kliniki zetu zimefanya kazi ya kupongezwa. Lakini nesi amefika mwisho wa uwezo wake. Hawezi kumfuata mama hadi ofisini na kumwambia bosi amwachie.

Turudi kwenye saa mbili. Katika mji mdogo ambako mwalimu anakaa nyumba za jirani na shule, saa mbili zinatosha: anakwenda, ananyonyesha, anarudi kufundisha. Dar es Salaam ni habari nyingine. Mama wa Mbagala anayefanya kazi Posta hawezi kwenda nyumbani adhuhuri, amnyonyeshe mtoto na kurudi kwa saa mbili, hata daladala ikiwa tupu na barabara nyeupe. Ndiyo maana waajiri waungwana wanakubaliana na mama atoke saa mbili kabla ya wenzake. Mpango huo ni mzuri na tunaomba uenee. Hata hivyo, kutoka saa tisa hakumsaidii mama ambaye matiti yamejaa tangu saa nne. Anahitaji mahali.

Mahali hapo si jengo la kuombea mkopo. Ni chumba kidogo chenye mlango unaofungwa kwa ndani, kiti chenye mgongo, meza, maji ya kunawa, sabuni na jokofu dogo. Mama anakamua kwa dakika ishirini hivi, anaandika jina na saa kwenye chombo, anaweka kwenye baridi, jioni anaondoka nacho. Kwenye joto la wastani wa nyuzi 25 maziwa yaliyokamuliwa hukaa salama kama saa nne. Kwenye jokofu hufika hadi siku nne. Kwa joto la Dar es Salaam au Tanga mwezi wa Februari, maziwa yaliyoachwa kwenye mkoba chini ya meza hayafiki nyumbani salama. Jokofu hapa lina kazi ya kweli. Kampuni ambayo ina jokofu la soda za wageni haiwezi kutuambia kwamba hili limeishinda.

Sheria yetu imetoa saa, ikanyamaza kuhusu chumba. Wenzetu wa Kenya walikiandika chumba hicho katika Sheria ya Afya ya mwaka 2017, na mama wa huko akapewa pia muda wa kunyonyesha au kukamua ndani ya saa za kazi. Lakini kuandika peke yake hakutoshi. Tarehe 7 Agosti 2019, siku ya mwisho ya Wiki ya Unyonyeshaji Duniani, Zuleikha Hassan, mbunge mwakilishi wa wanawake wa Kwale, aliingia katika ukumbi wa Bunge la Kenya akiwa amembeba mtoto wake wa miezi mitano, akaamriwa kutoka. Bunge lililopitisha sheria ya vyumba vya kunyonyeshea, wakati huo lilikuwa halijampa mbunge wake mahali pa kumweka mtoto. Tanzania isingoje aibu ya namna hiyo.

Waajiri wana hoja yao, nayo tuisikilize. Wanasema mama akiwa likizo wanamlipa yeye na wanamlipa anayeshika nafasi yake, kisha anarudi na saa pungufu, kwa hiyo kuajiri wanawake ni gharama. Kwa mwenye duka la wafanyakazi watano, hoja hiyo ni nzito kweli. Lakini dawa yake si kuwakwepa wanawake wenye umri wa kuzaa wakati wa usaili, kama wengine wanavyofanya huku wakijua kwamba sheria inakataza ubaguzi huo. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka likizo isiyopungua wiki 14, na unataka malipo yake yatoke kwenye bima ya jamii au fedha za umma ili mzigo usimwangukie mwajiri mmoja mmoja. Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, tayari una fao la uzazi. Serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi wakae waone namna fao hilo litakavyobeba mshahara wa likizo kikamilifu. Waajiri wakilidai hilo, tutakuwa upande wao.

Sheria hii inaweza kubadilika, na imebadilika. Kwa marekebisho ya mwaka 2025, mama aliyejifungua mtoto njiti anaongezewa likizo kwa muda ule uliokuwa umebaki kufikia wiki 40 za ujauzito. Mama wa njiti alikuwa akimaliza likizo yake wodini, mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, na alipotoka hospitali ilikuwa karibu siku ya kuripoti kazini. Wabunge waliliona, wakalirekebisha. Kutoka wiki 12 hadi 14 kwa mama wote si safari ndefu.

Kuna wanawake ambao mjadala huu unawapita juu. Sheria inasema aliyefanya kazi chini ya miezi sita hana haki ya likizo yenye malipo, na wapo waajiri waliokisoma kifungu hicho vizuri kuliko vingine vyote. Kibarua wa kiwandani anayepewa mkataba wa miezi mitatu akifikisha mimba ya kuonekana, mkataba hauhuishwi, na hakuna anayeandika kwamba amefukuzwa. Maofisa kazi wakague mikataba hiyo. Mama ntilie na muuza mboga hawana hata wa kumwomba ruhusa. Wiki ya sita au ya saba baada ya kujifungua wanarudi sokoni, mtoto mgongoni kwenye mbeleko, karibu na moshi wa mkaa. Halmashauri zinajenga na kukarabati masoko, zinapanga vizimba, vyoo na ofisi ya kukusanya ushuru. Ziweke na chumba cha mama na mtoto kwenye ramani, kwa sababu wanaolipa ushuru huo wengi wao ni mama.

Na baba? Sheria inampa siku tatu, zichukuliwe ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Kenya baba anapata wiki mbili. Siku tatu zinamalizika kwa kuwarudisha mama na mtoto nyumbani, kununua vitu vilivyosahauliwa na kupokea wageni. Tunataka ziongezwe. Lakini tunajua pia kwamba mwanamume hahitaji tangazo la Serikali ili aamke usiku, ambadilishe mtoto nepi, amweke begani amcheulishe, kisha amwache mama alale saa mbili mfululizo. Zamani siku arobaini za mzazi zilikuwa na watu: bibi wa kumkanda kwa maji ya moto, mtu wa kupika mtori, mtu wa kufua. Katika chumba cha kupanga cha Tandale au Manzese mara nyingi watu hao hawapo, wamebaki mikoani. Aliyepo ni mume. Mama asiyelala, anayelia bila sababu inayoonekana, anayesema hampendi mtoto wake, hana kiburi wala hajarogwa. Huenda ana sonona ya baada ya kujifungua, na inatibika. Mumewe ndiye wa kwanza kuiona, na ndiye wa kumpeleka kituo cha afya.

Neno pia kwa ajili ya dada wa kazi, maana mama anapokuwa ofisini dada ndiye mlezi. Tunamwachia msichana aliyefika mjini juzi kazi ngumu kuliko zote za nyumba, kisha tunamlaumu mtoto akiharisha. Afundishwe kabla likizo haijaisha: maziwa yapashwe kwa kuweka chombo ndani ya maji ya moto, yasiwekwe jikoni yakachemka, mtoto anyweshwe kwa kikombe kisafi, yaliyobaki yasirudishwe kwenye jokofu. Apewe namba ya kupiga na simu yenye salio. Alipwe kwa wakati. Na asiwe mtoto wa miaka 13, kwani sheria inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14, na mtoto mchanga anastahili kulelewa na mtu mzima.

Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TUCTA, na vyama vyake waingize chumba na saa za kunyonyesha katika mikataba ya hali bora wanayojadiliana na waajiri. Hilo halihitaji Bunge. Waajiri nao wasingoje kuambiwa: chumba kikitafutwa wiki hii, kinaweza kufunguliwa mwezi huu.

Mama unayetarajia, mpe mwajiri taarifa ya likizo kwa maandishi angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, ukiambatanisha cheti cha daktari, na ubaki na nakala. Wiki mbili kabla ya kurudi, anza kukamua na kuhifadhi, na mwandikie barua nyingine kueleza namna unavyotaka kuzitumia saa zako mbili. Sheria inakurudisha kwenye kazi yako kwa masharti yaleyale uliyoyaacha. Ukikuta meza yako ina mtu na wewe umeshushwa, usikubali kwa kunyamaza. Mgogoro wa namna hiyo unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Aliyeachishwa kazi kwa sababu ya ujauzito ana siku 30.